Resori na amortisa za Land Cruiser ya zamani: mambo ya kujua kabla kooperative haijatoa feza



Katika vikundi vingi vya Rutshuru, gari la kubeba mavuno ni pikap ya Toyota Land Cruiser ya zamani, ile wafundi wanaiita 75. Toyota ilianza kuuza jamii hii ya 70 mwaka 1984. Kule Ulaya na Australia kuna watu wanaoitunza kama gari la kumbukumbu, wanaipaka rangi na kuitembeza siku ya mungu. Kwetu ingali kazini: maharagwe ya Kiwanja, mahindi ya Nyamilima, kahawa ya Jomba, kabichi na viazi vya Kibumba, vyote vinapanda juu yake.

Gari la umri huo likianza kulala upande mmoja, au likiruka-ruka kama mbuzi kwenye mawe ya volkano, mkutano unaitishwa na swali ni lile lile: tununue resori gani? Orijinali ni bei kali, na mara nyingi haipatikani. Sokoni Goma wanauza "adaptable". Fundi mmoja anasema: "Hii iko nguvu kuliko orijinali, ongeza tu lame moja, itabeba mingi." Mwingine anakataa kabisa. Makala hii inaeleza kazi ya kila kifaa, namna ya kuchagua, na namna ya kusimamia kazi ya fundi ili feza ya wanamemba isipotee na watu wasiumie.

Resori inabeba, amortisa inatuliza

Tuanze hapa, juu watu wengi wanachanganya vitu hivi viwili.

Resori ni vile vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya kingine. Kila chuma kinaitwa lame. Lame ya kwanza, iliyo ndefu kuliko zote, ina macho mawili ya duara kwenye ncha zake. Njo lame mama. Inashika ekseli ili isiende mbele wala nyuma. Lame zingine zinaisaidia kubeba. Kwa hiyo resori ina kazi mbili: kubeba mzigo na kushika ekseli mahali pake. Lame mama ikikatika, ekseli inaweza kuvutwa upande na gari likaacha njia.

Amortisa ni ile bomba yenye mafuta ndani. Haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza resori: gari likigonga shimo, resori inabonyea halafu inataka kurudi juu na chini mara nyingi. Amortisa inazuia mruko huo, na pine inabaki chini. Pine ikiwa hewani haiwezi kufunga freni wala kukata kona.

Kwa hiyo gari likiwa limelala, usinunue amortisa, haitaliinua. Na gari likiwa limesimama vizuri lakini linaruka-ruka, usiongeze lame, litaruka zaidi.

Aina nne za vifaa vinavyouzwa

Neno "adaptable" halina maana ya kibaya. Lina maana kwamba kifaa kimetengenezwa na kiwanda kingine, siyo kile cha gari. Sokoni utakuta aina nne:

1. *Orijinali*: kifaa cha Toyota chenye namba yake.
2. *Adaptable ya kiwanda kinachojulikana*: kwa mfano KYB ya Japani na Monroe kwa amortisa, au Old Man Emu ya Australia kwa resori na amortisa. Viwanda hivi vina orodha inayoonyesha kifaa gani kinaenda kwenye gari gani.
3. *Okazio*: kifaa kilichotolewa kwenye gari lingine. Resori ya okazio imekwisha kuchoka, na huwezi kuona kwa macho imebakiza nguvu ngapi. Amortisa ya okazio afazali usinunue kabisa.
4. *Bandia*: kifaa kibaya ndani ya kartoni yenye jina kubwa. Angalia maandishi yenye makosa, rangi inayobanduka kwa kucha, na kartoni isiyo na namba ya kifaa.

Adaptable nzuri inaweza kufaa sawa na orijinali. Iliyo muhimu ni kama imetengenezwa kwa gari lako na kwa mzigo wako.

Kwanza jua gari lako ni lipi

Muuzaji akisema "hii ni ya Land Cruiser," hajasema kitu. Soma namba iliyo kwenye kibao cha gari. HJ75 ina moteri ya 2H. HZJ75 ina moteri ya 1HZ iliyokuja mwaka 1990. Hizi mbili zina resori za lame mbele na nyuma. Mwaka 1999 ikaja HZJ79: mbele inatumia resori za kuzunguka kama waya, na resori za nyuma ni ndefu zaidi. Basi resori za 79 haziingii kwenye 75, hata kama gari zinafanana kwa macho.

Kisha pima resori ya zamani na uandike kwenye kaye:

- urefu toka jicho hadi jicho;
- upana na unene wa lame, na idadi yake;
- umbali toka bolti ya katikati hadi kila jicho. Mara nyingi bolti hiyo haiko katikati kabisa, na ukigeuza resori, ekseli inakaa mbele au nyuma ya mahali pake;
- upana wa ndani wa macho, kwa ajili ya silambloku, ile mipira inayoingia humo.

Peleka kaye na mita dukani. Usikubali "itaingia tu."

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: resori ya kushoto na ya kuume zinaweza kutofautiana. Upande mmoja wa gari una uzito zaidi, sababu ya shofere na vitu vilivyofungwa chini. Kwa hiyo kuna viwanda vinavyotengeneza resori moja ikiwa juu kidogo, na kuiwekea alama. Sasa, gari nyingi na vifaa vingi vinatufikia kupitia Mombasa, Kampala na Bunagana, toka nchi ambako volani iko kuume. Kongo volani iko kushoto. Ukinunua seti iliyopangwa kwa volani ya kuume, upande wa uzito umegeuka. Soma alama, na uliza muuzaji kabla ya kulipa.

"Ongeza lame, ibebe mingi"

Hapa njo kuna hatari kubwa, na hapa njo mikutano mingi inakosana.

Resori ikiongezwa lame, inakuwa ngumu zaidi na gari halilali. Watu wanaona gari limesimama, wanasema sasa linaweza kubeba tani 2. Lakini freni ni zile zile. Ekseli ni ile ile. Rulema za magurudumu, shasi na pine hazikuongezwa kitu. Resori mpya imeondoa dalili ya mzigo kupita kiasi. Mzigo wenyewe ungali pale. Ni kama kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kumrudisha shambani.

Kikomo cha gari kinaandikwa kwenye kibao au kwenye karatasi zake, kwa herufi PTAC: ni uzito wa gari, watu na mzigo pamoja. Hesabu iko rahisi. Tuseme kibao kinasema kilo 3.000, na gari tupu lina kilo 1.900. Nafasi ni kilo 1.100. Toa shofere na watu wawili, kilo 210. Toa pine ya akiba, vifaa na mafuta ya akiba, kilo 90. Zinabaki kilo 800: magunia 8 ya kilo 100. Siyo 15. Fanyeni hesabu hii kwa namba za gari lenu wenyewe, na muibandike ndani ya mlango wa shofere.

Lame ya kuongeza ina shida nyingine pia. Lame zilizopangwa kiwandani zinagawana kazi. Ukiingiza lame moja ngumu na fupi katikati, inasukuma lame mama mahali pamoja, na mara nyingi hapo njo itakatika. Kama mzigo wenu wa kila wiki uko karibu na kikomo, nunueni seti nzima iliyopangwa kwa uzito huo.

Halafu fikirieni aina ya mzigo. Resori ya mzigo mkubwa sana, ikiwa imebeba kilo 300 tu za nyanya, haibonyei. Kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kwenye kikapu. Nyanya zinapasuka, ndizi zinakuwa nyeusi, mayai yanavunjika, na mnunuzi wa Goma anakata bei. Kooperative ya maharagwe na kahawa inaweza kutumia resori ngumu kidogo. Kooperative ya nyanya, mayai na matunda inahitaji ya kadiri.

Na mzigo upangwe vizuri. Mwendesha chukudu anajua: uzito ukikaa nyuma sana, mbele panakuwa pepesi na chombo hakisikii. Gari ni vile vile. Magunia mazito yakae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini, na mepesi nyuma.

Gari likiinuka, angalia freni

Seti nyingi za adaptable zinainua gari sentimeta 4 au 5. Kwenye njia yetu hiyo inasaidia. Lakini gari likiinuka, kuna vitu vinne vya kuangalia.

*Mpira wa freni.* Inua gari mpaka ekseli ining'inie. Mpira wa freni unaokwenda kwenye ekseli usivutike. Ukivutika, tafuta ulio mrefu zaidi. Usiufunge kwa kamba wala waya.

*Kifaa cha kugawa freni ya nyuma.* Pikap nyingi za aina hii zina kifaa kidogo chenye mkono unaofika kwenye ekseli ya nyuma. Kinapima gari limebonyea kiasi gani. Likiwa juu, kinafikiri halina mzigo na kinapunguza nguvu ya freni za nyuma. Ukiinua gari bila kukirekebisha, kitafikiri gari ni tupu hata kama limejaa maharagwe. Njia toka Rutshuru inapanda kupitia Rugari hadi Kibumba, kisha inateremka Goma. Katika mteremko ule unahitaji freni zote nne. Mwambie fundi waziwazi: "Rekebisha mkono wa freni ya nyuma," na umwone akifanya.

*Volani.* Wengine wanainua mbele kwa kurefusha jumele, vile vyuma viwili vinavyoshika ncha ya resori. Hiyo inageuza ekseli ya mbele, na volani inaanza kutangatanga, hairudi katikati yenyewe. Afazali resori yenye urefu sahihi kuliko jumele ndefu.

*Urefu wa amortisa.* Resori ikibonyea kabisa, mpira wa kuzuia ugonge kwanza, kabla amortisa haijafika mwisho. Na ekseli ikining'inia, amortisa isiwe kamba ya kuibeba. Kama moja ya hayo linatokea, amortisa ni fupi au ndefu mno, na itapasuka mapema.

Kusimama pembeni mwa fundi

Hata kama wewe si fundi, kamati inaweza kumtuma mtu aangalie haya.

1. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu yamezuiwa. Kabla ya kazi, pima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa gardibu, pande nne. Andika.
2. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Shasi ikae juu ya vigingi vya chuma au vipande vinene vya miti migumu. Usitumie jiwe la volkano: lina matundu ndani, linaweza kupasuka ghafla chini ya uzito.
3. Ekseli iwe na kriki yake, ishushwe polepole mpaka resori ilegee. Bolti zisifunguliwe resori ikiwa imebanwa. Zinaweza kuruka na kukata mkono.
4. Resori zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kuume. Amortisa vile vile. Moja mpya na moja nzee zinavuta gari upande.
5. Silambloku ziwe mpya. Bridi, zile bolti zenye umbo la U, ziwe mpya pia: zikisha kukazwa mara moja zimekwisha kunyooka, na nyuzi zake zimechoka.
6. Kichwa cha bolti ya katikati kiingie barabara ndani ya tundu la ekseli. Bridi zikazwe kidogo kidogo, kwa kupishana, ili zote nne zivute sawa.
7. Amortisa mpya isimamishwe wima na isukumwe na kuvutwa mara 4 au 5 kabla ya kufungwa, ili hewa itoke kwenye mafuta.
8. Bolti za macho na za jumele zikazwe mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikining'inia, mipira inapindika gari likishuka na inapasuka baada ya muda mfupi.
9. Pima tena urefu pande nne, na linganisha na kaye.

Jambo moja fundi asilifanye: kuunga lame iliyokatika kwa kuchomelea, au kuipasha moto ili kuipinda. Chuma cha resori kimepashwa na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu, na nguvu yake inatoka hapo. Moto wa kienyeji unaifuta. Lame iliyochomelewa inakatika tena, na safari hiyo mzigo utakuwa juu yake.

Baada ya kufunga

Resori mpya zinajipanga katika safari za kwanza na bridi zinalegea. Zikazwe tena baada ya kilometa 50 hivi. Toka Rutshuru hadi Goma ni karibu kilometa 70: kwa hiyo safari ya kwanza ikifika Goma, zikazwe kabla ya kurudi. Zikazwe tena kwenye kilometa 500, halafu kila mwezi. Bridi iliyolegea inakata bolti ya katikati, na ekseli inateleza.

Kila asubuhi shofere atumie dakika 5: lame yenye ufa, bridi iliyolegea, amortisa yenye mafuta nje, gari lililolala upande. Baada ya safari ndefu ya mabonde, akaribishe mkono polepole kwenye amortisa. Zinazofanya kazi zinapata moto. Ikiwa moja ni baridi na mwenzake ana moto, ile ya baridi imekufa. Na amortisa zikiwa na moto mkali sana, mafuta yake yanatoa povu na hazitulizi tena: punguza mwendo, zipumzike.

Bei ya kweli

Katika mkutano, msilinganishe bei ya dukani peke yake. Tuseme seti moja ni dola 200 na inadumu miezi 6. Nyingine ni dola 400 na inadumu miezi 20. Ya kwanza inawala dola 33 kwa mwezi, ya pili dola 20. Ongezeni malipo ya fundi kila mara ya kubadilisha, na siku ambazo mavuno yanalala gari likiwa garajini. Hesabu hiyo inawezekana tu kama kuna kaye ya gari: tarehe ya kununua, jina la kifaa, namba yake, kilometa, na siku kilipoharibika. Bila kaye, kila mwaka mnaanza mabishano upya.

Kwa mkutano wenu ujao

Tunawaomba wanamemba wajibu maswali haya pamoja na shofere na fundi:

- PTAC ya gari letu ni ngapi, na magunia mangapi yanabaki baada ya kutoa watu na vifaa?
- Mzigo wetu wa kawaida ni upi: wa kuvumilia mitikisiko au wa kupondeka?
- Nani anaweza kukataa gunia la ziada, hata kama mwenye gunia ni mukubwa wa kikundi?
- Kaye ya gari iko mikononi mwa nani?

Swali la tatu njo gumu kuliko yote. Shofere peke yake hawezi kumkatalia prezida wa kooperative. Lakini idadi ya magunia ikiandikwa kwenye mlango kwa uamuzi wa mkutano wote, hapo shofere ana neno la kusimamia, na watu walioketi juu ya mzigo wana nafasi nzuri zaidi ya kufika.